Unataka kusomea baiomedikali injiniaringi chuo cha umma na uko Mombasa? Soma hatua hizi kwanza

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka maswali ni yaleyale, na mara nyingi anayeuliza ni mzazi wala sio mwanafunzi mwenyewe: hii kozi ya mashine za hospitali ni nzuri kweli, ina kazi, na mtoto ataisomea wapi na sisi tuko huku Mombasa? Nimeona niandike yote pamoja hatua kwa hatua, kuanzia kuchagua kozi mpaka kujisajili ukishamaliza, manake hii fani naipenda na natamani watoto wa Pwani waingie wengi zaidi, halafu wakiingia wasije wakafika mwaka wa nne ndio wanashtuka kuna vitu walitakiwa wavifanye mwaka wa kwanza.

Jambo moja ntalirudia rudia humu ndani. Chuo kikubwa cha umma kitakupa hesabu, kitakupa nadharia na kitakupa cheti, lakini mashine yenyewe utaitafuta wewe. Wanafunzi ni wengi, mashine za maabara ni chache na nyingine zimezeeka, kwahivyo anayengoja aitwe aguse anaweza kumaliza miaka yote hajafungua skrubu hata moja. Panga miaka yako ukijua hivyo.

Hatua ya 1: Ijue kazi yenyewe

Watu wengi wanaingia wakidhani huu ni udaktari wa kupitia mlango wa nyuma. Sio. Hutaandika dawa wala hutampasua mtu. Kazi yako ni mashine inayomgusa mgonjwa, yaani inunuliwe ipi, ifungwe wapi, ipimwe kila baada ya muda gani, nesi afundishweje kuitumia, na ikiharibika itengenezwe au itupwe. Monita za ICU, mashine za dayalisisi, eksrei, altrasaundi, inkubeta za watoto njiti, autoklevu za kuchemshia vifaa, konsentreta za oksijeni, pampu za dripu, zote hizo kuna mtu nyuma yake na mtu huyo ndio wewe. Kuna upande mwingine wa kubuni vitu vipya, miguu ya bandia, vifaa vya kupimia, programu za kusoma picha za eksrei, na kuna upande wa utafiti. Lakini hapa kwetu kazi nyingi ziko hospitalini na kwenye makampuni yanayouza na kuservisi mashine, kwahivyo kama huwezi kuvumilia harufu ya wodi au unaogopa damu kabisa, nenda kwanza ukae hospitali siku mbili tatu uone kabla hujajaza fomu.

Hatua ya 2: Chagua ngazi na chuo, halafu hakikisha EBK

Digrii ya uhandisi Kenya ni miaka 5. Diploma ni kama miaka 3. Usidharau diploma hata kidogo, ile medikali injiniaringi ya KMTC, vyuo vya serikali vya mafunzo ya tiba, inatoa mafundi wa nguvu, wallahi kuna wenye diploma wanaifungua mashine ya dayalisisi na kuirudisha kabla mwenye digrii hajamaliza kusoma manyuali. Tofauti iko mbele ya safari, kwasababu ukitaka kuitwa injinia kisheria lazima uwe na digrii ya uhandisi inayotambulika, na ukiwa na diploma unaweza kufanya kazi kwanza ukarudi kusoma baadaye, wengi wamefanya hivyo na wanaingia darasani wakijua mashine tayari.

Kwa digrii, Kenyatta University iko na baiomedikali injiniaringi pale Kahawa barabara ya Thika, na uzuri wake mmoja ni kwamba hospitali kubwa ya rufaa iko jirani tu. Hapa nyumbani TUM, yaani Technical University of Mombasa, pale Tudor ni chuo cha ufundi tangu zamani, kilianza kama MIOME enzi za ukoloni, kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka wa 2013 kikawa chuo kikuu kamili, basi usiruke chuo cha nyumbani bila kuangalia wana kozi gani za vifaa tiba mwaka huo. Wenye uwezo wa kuvuka mpaka, chuo cha tiba cha MUHAS kule Dar es Salaam na Makerere kule Kampala zote zinafundisha, na Dar kwa mtoto wa Mombasa sio ugenini.

Sasa sikiliza hili vizuri. Uingie tovuti ya Engineers Board of Kenya, hawa EBK, bodi inayosajili mainjinia, uangalie orodha ya kozi walizozikubali. Wanakubali kozi, hawakubali chuo kizima. Chuo kinaweza kuwa na uhandisi wa umeme uliokubaliwa miaka mingi, na baiomedikali yake bado iko kwenye foleni. Jina la chuo likikutosha ukaacha kuangalia, utakuja kumaliza miaka mitano halafu ukienda kujisajili unaambiwa digrii yako haitambuliki. Na kama unaenda nje ya Kenya, uliza mapema shahada hio inatambuliwaje ukirudi, usingoje mpaka umerudi na cheti mkononi. Ukikuta kozi bado haijakubaliwa sio lazima uikimbie, lakini mpigie mkuu wa idara au mwandikie umuulize wamefika wapi, na jibu lisipokuja ama likija la kuzungushazungusha, basi hapo umeshajibiwa.

Alama: wastani wa C+ ndio mlango wa chuo kikuu, na kwa uhandisi kawaida unatakiwa C+ au zaidi kwenye hesabu, fizikia na kemia, kila moja peke yake. Halafu kuna pointi za klasta za KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, ambazo ndio zinakushindanisha na wenzako, na hizo hupanda na kushuka kila mwaka kutegemea walioomba. Bayolojia itakusaidia sana huko mbele lakini fizikia ndio itakayokubeba. Kwa wale wa mtaala mpya walioko gredi ya 10, njia yenu ni ya STEM, na fizikia msiiache hata mkishawishiwa vipi. KUCCPS ikifungua nafasi ya kurekebisha chaguo, itumie, usikae na kozi usioitaka ukisema utahama baadaye, kuhama chuo hadi chuo kuna makaratasi mengi.

Hatua ya 3: Pesa

Hapa ntapita haraka manake kila mtu anajua sehemu yake. HELB ni mkopo, utaulipa. Ufadhili wa serikali unaombwa kwa mtandao na fomu zina tarehe ya mwisho, usiende saibakafe siku ya mwisho pamoja na Mombasa nzima. Bursari za kaunti na zile za CDF zinaombwa eneobunge lako, uwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, na wanataka karatasi zilezile: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha wazazi au cheti cha kifo kama ni yatima, barua ya chuo na muundo wa karo. Piga kopi nyingi za kila kitu uziweke kwenye faili moja. Omba kila mwaka, sio mwaka wa kwanza tu, wengi wanachoka wakiwa mwaka wa pili na hapo ndipo karo inaanza kuwabana.

Kwenye bajeti weka vitu vya ufundi tangu mwanzo: multimita nzuri ya kiasi, bredibodi, waya, skrubu draiva ndogondogo, na bodi moja ya Arduino, ile kompyuta ndogo ya kujifunzia saketi. Kama uko Nairobi vitu hivi viko Luthuli Avenue, ukiwa na subira ukazunguka maduka kadhaa bei zinatofautiana sana. Laptopu si lazima iwe ya bei mbaya. Matlab, programu ya kufanyia hesabu, watakwambia ununue, lakini Octave na Python ni za bure na zinafanya karibu kila kitu utakachohitaji mpaka unamaliza.

Kama umepata chuo cha bara, hosteli za chuo zinaombwa kwenye mtandao na zinajaa upesi, ukikosa utapanga nje na gharama inapanda. Nunua sweta kabla ya Julai. Tiketi ya treni kutoka Miritini ikate mapema wakati wa kufunga na kufungua, la sivyo utapanda basi la usiku.

Hatua ya 4: Miaka miwili ya kwanza ni hesabu, usizikimbie

Hapa ndipo makomredi wanaangukia. Unakuja umejaa hamu ya mashine, unapewa kalkulasi, aljebra ya matriki, mekanika, saketi, termodinamika, na anatomia kidogo, unakaa kwenye ukumbi na watu wa uhandisi wote kwa pamoja, lekcha yuko mbali anaandika ubaoni na nyuma husikii. Unaanza kujiuliza hii ina uhusiano gani na hospitali.

Ina uhusiano mkubwa mno. Mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili vipande vipande, ilitokana na hesabu kabla ya kuwa mashine. Allan Cormack, mtu wa fizikia aliyezaliwa Johannesburg, mwaka wa 1956 alikuwa akisaidia idara ya mionzi ya Groote Schuur Hospital pale Cape Town, akajiuliza vipi utajua kilichoko ndani ya mwili kwa kupima miale inayotoka upande wa pili kutoka pembe nyingi. Akakaa na kalamu akaitafutia fomula. Miaka ya baadaye Godfrey Hounsfield wa Uingereza akaijenga mashine, na mwaka wa 1979 wote wawili wakapewa Nobeli ya tiba. Kwahivyo ukiona integrali inakusumbua mwaka wa kwanza, jua mwenzako wa hapahapa Afrika alianza na karatasi kama hio.

Namna ya kusoma kwenye darasa kubwa: tafuta kikundi cha watu wanne au watano wanaojituma, mkae na maswali ya miaka iliyopita kila wiki, sio wiki ya mtihani. Mjue repu wa darasa. Mwendee lekcha ofisini ukiwa na swali lililoandikwa, sio kumwambia sijaelewa topiki yote, wengi wao wakiona umejaribu wanakukalisha chini. CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, usizipuuze, ni alama za bure kabisa ukilinganisha na mtihani wa mwisho. Ukipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ifanye mara ya kwanza inapotolewa, ikikaa inakuletea shida kwenye masomo ya mbele yanayotegemea hilo.

Na saketi zisiishie ubaoni. Chukua mfano wa ECG, ile mashine ya kupima moyo. Signali ya moyo ikifika juu ya ngozi ni kama milivolti 1 hivi, kitu kidogo mno, na wakati huohuo mwili wako unaokota 50 Hz kutoka nyaya za stima zilizoko ukutani na hizo zinaweza kuwa kubwa kuliko moyo wenyewe. Jaribu kuijenga mwenyewe na amplifaya ya bei rahisi na elektrodi tatu za kubandika, mara ya kwanza utaona wimbi nene linalotetemeka tu, hakuna moyo. Hapo ndio utaelewa kwanini kuna elektrodi ya mguu wa kulia, kwanini waya zinasokotwa pamoja, kwanini ngozi inapanguswa na spiriti kwanza, na kwanini ulifundishwa Fourier, ile hesabu ya kugawa wimbi kwa masafa yake. Halafu pima mkono kwa mkono, mkono wa kulia kwa mguu, mkono wa kushoto kwa mguu, uone kwamba ya kwanza ukijumlisha na ya tatu unapata ya pili, kama alivyoonyesha yule Mholanzi Willem Einthoven aliyepata Nobeli mwaka wa 1924. Ukishaona hilo kwenye skrini yako hulisahau tena maisha.

Tahadhari, na hii sio ya kupuuza: kitu chochote unachokiunganisha na mwili wa mtu kitumie betri tu. Laptopu nayo ichomolewe chaja. Usimuunganishe rafiki yako na kitu kilichochomekwa ukutani kwa saketi uliyoijenga wewe chumbani.

Hatua ya 5: Soma mwili wa watu wako, sio wa kitabuni pekee

Oksimeta, kile kidude cha kubana kidoleni, kinatuma mwanga wa aina mbili, mwekundu wa kama nanomita 660 na infraredi ya kama 940, halafu kinapima ni kiasi gani kimefika upande wa pili. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinameza mianga hio tofauti, na kwasababu damu ya ateri inadunda, mashine inatoa ile sehemu inayodunda na kufanya hesabu. Ni werevu mtupu, na wazo hilo lilitoka Japani kwa Takuo Aoyagi miaka ya 1970.

Sasa mlete bi harusi wa Mombasa, vidole vimejaa piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia, mpaka kwenye kucha. Rangi ile inazuia mwanga, mashine inaweza kukataa kusoma ama ikasoma namba isio ya kweli, na nesi mgeni atadhani mashine imeharibika au mgonjwa anazidiwa. Jaribu kidole kisichopakwa, ama ndewe ya sikio kama proba yake ipo. Kitabu cha Ulaya hakitakwambia kuhusu piko. Na kuna kubwa kuliko hilo: utafiti uliotoka Marekani mwaka wa 2020 ulionyesha oksimeta zinakosea zaidi kwa wagonjwa weusi, zinaonyesha oksijeni iko sawa na kumbe imeshuka, na hio hutokea mara karibu tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Mashine zinajaribiwa kwa watu fulani halafu zinaletwa kwetu. Mimi naona hii peke yake inatosha kuwa sababu ya mtoto wa huku kuisomea hii kazi.

Hatua ya 6: Atachimenti, yaani mazoezi ya kazini, hapa ndipo utakapokuwa injinia au hutakuwa

Anza kutafuta miezi kadhaa kabla. Chukua barua ya chuo, bima ya atachimenti, CV ya ukurasa mmoja, upeleke mwenyewe kwa miguu. Coast General pale Makadara ndio hospitali kubwa ya rufaa ya Pwani nzima kwahivyo mashine za kila aina zinapita hapo, na hospitali za binafsi kisiwani pia huchukua wanafunzi japo wachache. Yako pia makampuni yanayouza mashine, huko utaona mashine mpya na utapanda gari kwenda kufunga vifaa Kilifi, Kwale mpaka Lamu. Ushauri wangu, ya kwanza fanya hospitali ya umma, ya pili fanya kampuni. Hospitali ya umma utaona mashine zimekufa kwa kila namna, na kampuni utaona namna zinavyotakiwa kuwa.

Ukifika, usiende moja kwa moja kwenye mashine. Nenda kwa watu. Nesi aliyekaa na monita miaka kumi anaijua tabia yake kuliko manyuali. Ukiingia wodini salimu wakubwa wako, "Shikamoo sista," subiri ajibu, halafu uliza, "Hii ilianza lini kusumbua, na ilikuwa ikifanya nini ilipozima?" Atakujibu, "Mwanangu, hii ukiichomeka pale dirishani inazima, ukiileta hapa inafanya," na hapo ameshakwambia tatizo ni soketi, umeokoa asubuhi nzima ya kufungua bodi isio na kosa. Vaa glavu na ipanguse mashine kabla hujaifungua, hujui imetoka kwa mgonjwa gani.

Halafu omba vitu vitatu kwa mkuu wa karakana: rejista ya mashine zote, ratiba ya servisi, na manyuali za servisi. Soma manyuali moja kila jioni. Ukikuta rejista haijajazwa vizuri, jitolee uijaze, utatembea wodi zote ukiandika namba za mashine na hakuna mtu hospitali nzima atakayekuwa ameziona nyingi kuliko wewe.

Mombasa ina shida zake ambazo mwanafunzi wa bara hazioni. Chumvi na unyevu. Fungua mashine iliyokaa miaka karibu na bahari, angalia vichwa vya waya na miguu ya vipuri kwenye bodi, utaona ukungu wa kijani juu ya shaba, hio ni kutu ya shaba na ndio inayofanya mashine izime na kuwaka yenyewe. Mara nyingi haihitaji kipuri kipya, inahitaji kusafishwa na kemikali yake taratibu na kuunganishwa tena vizuri. Konsentreta ya oksijeni nayo inavuta hewa ya chumba, inaisukuma kwenye mitungi yenye punje za zeolaiti zinazoshika naitrojeni, na kinachotoka ni oksijeni ya kama asilimia 93. Punje zile adui yake ni maji. Hewa ya kwetu imejaa unyevu, na filta ikiziba kwa vumbi kompresa inafanya kazi kupita kiasi na kupata joto. Mashine itanguruma kama kawaida, mpira utatoa hewa, mgonjwa amevaa, kila mtu ameridhika, na kumbe kinachotoka hakitoshi kabisa. Huwezi kujua kwa kusikiliza, lazima uipime na kipima oksijeni. Jifunze kuipima siku ya kwanza na uwe unaipima kila unapopita wodini.

Stima ikipanda na kushuka inaua pawasaplai, kwahivyo jua UPS (betri ya akiba stima ikipotea) na stabilaiza zinavyochaguliwa. Na ukiletewa mashine ya msaada kutoka Marekani soma kibandiko cha nyuma kwanza, kama ni volti 120 na wewe unaichomeka kwenye 240 ya Kenya, itakufa hapohapo mbele ya waliokuja kupiga picha.

Vitu vya kutogusa peke yako: difibrileta, kwasababu kapasita yake inaweza kubaki na chaji ya kukuua hata baada ya kuichomoa, eksrei, kwa volti zake na mionzi, na autoklevu yenye presha. Hii ya mwisho inafika nyuzi 121 au 134 na ukifungua mlango presha haijashuka mvuke unakuchoma uso. Hizi zote simama na fundi mkubwa, mwangalie, uliza, andika.

Logbuku, daftari lako la kazi za atachimenti, ijaze kila siku kabla hujatoka. Usiandike "nimetengeneza monita". Andika mashine gani, dalili ilikuwa nini, ulipima nini, namba zilikuwa ngapi, ulibadilisha nini, ulihakikishaje imepona. Pia jifunze kupima usalama wa umeme, yaani mvujo wa mkondo. Ile IEC 60601, kanuni ya kimataifa ya usalama wa vifaa tiba vya umeme, inasema kifaa kinachogusana moja kwa moja na moyo kisivujishe zaidi ya maikroampea 10 katika hali ya kawaida. Maikroampea 10 huwezi hata kuzisikia mkononi, lakini ndani ya moyo ni habari nyingine.

Hatua ya 7: Projekti ya mwaka wa mwisho

Usichague roboti ya upasuaji. Chagua kitu kidogo ulichokiona hospitali kikikosekana, ukimalize kikamilifu. Ntakupa mmoja. Watoto wachanga wenye manjano wanawekwa chini ya taa ya bluu, na kinachowasaidia ni mwanga wa nanomita 460 hadi 490 ukiwa na nguvu ya kutosha. Taa ikizeeka nguvu inashuka lakini macho yanaiona bado bluu ileile inang'aa. Mama anakaa pale siku nne badala ya mbili na hakuna anayejua ni taa. Mita ya kupima mwanga huo ipo lakini ni ghali na hospitali nyingi ndogo hazina. Mwanafunzi anaweza kujenga ya kwake kwa sensa ya mwanga, filta na Arduino, akailinganisha na mita halisi ya kuazima, akaonyesha inakosea kwa kiasi gani. Hio ni projekti ya maana na imekaa ndani ya uwezo wako. Nyingine ni kengele ya friji ya chanjo inayotuma meseji joto likitoka kwenye nyuzi 2 hadi 8, manake stima ikipotea usiku wa Jumamosi anayejua ni nani?

Kama projekti itagusa mgonjwa au hata taarifa zake, unahitaji kibali cha kamati ya maadili, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi. Anza hio karatasi muhula wa kwanza, inachukua muda mrefu. Na kwenye ripoti yako weka sehemu ya hatari kwa mtindo wa ISO 14971, kanuni ya kimataifa ya hatari za vifaa tiba, yaani kifaa kikikosea nini kitampata mtu na umefanya nini kupunguza, hata kama lekcha hakuomba. Mwajiri akiiona anajua umefundishika.

Hatua ya 8: Ukimaliza

Peleka makaratasi EBK ujisajili kama injinia mhitimu, halafu ufanye kazi angalau miaka 3 chini ya injinia aliyesajiliwa ndipo uombe kuwa injinia kamili. Jiunge na chama cha mainjinia wa tiba Kenya, AMEK, hata ukiwa mwanafunzi tafuta namna ya kuhudhuria mikutano yao, nafasi nyingi za kazi zinasikika pale kabla hazijatangazwa.

Kazi ziko wapi: hospitali nyingi za umma tangu 2013 ziko chini ya kaunti, kwahivyo angalia matangazo ya bodi za ajira za kaunti, Mombasa, Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Tana River na Lamu, usijifunge na kisiwa. Hospitali za binafsi, makampuni ya mashine, mashirika ya misaada, na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome pale Kilifi ambacho kina maabara zenye vifaa vya kutunzwa. Unapoomba, ambatanisha kurasa tano sita nzuri za logbuku yako na picha za projekti, ila ufute majina ya wagonjwa kila mahali. Na kazi ya kwanza ikiwa ndogo, hata ya kubadilisha filta na betri za monita, ichukue na uandike kila mashine uliyoigusa na tarehe yake, kwasababu EBK watakuja kukuuliza ulifanya nini miaka hio mitatu na watataka karatasi iliyosainiwa na injinia wako.